Mama, Biskuti Zimebadilika Kweli

Buguruni, Dar es Salaam
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Barua hii ikukute salama, na goti lako la kushoto liwe limetulia, maana najua ubaridi wa Mlalo ukianza hulitafuta goti hilo kabla ya mahali pengine. Viazi umeshapanda? Na ule mlango wa jikoni uliokuwa ukigoma kufungika, fundi amekuja au bado anakuahidi tu? Mimi mwili wangu ni mzima. Tiwedi, kama tusemavyo nyumbani, ingawa leo nimeliandika neno hilo kisha nikaliangalia kwa muda kabla ya kuendelea.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Wiki iliyopita nilikwambia kwenye simu kwamba si wewe uliyemdhuru mjukuu wako Neema. Nilisema haraka haraka, mtandao unakatika, nawe ukanijibu kwa upole, "Hongea mwanangu, asante kwa kunifariji." Hapo nikajua hukuniamini. Ulidhani mtoto anampoza mama yake. Kwa hiyo nimeona niandike yote, kwa utaratibu, yakae kwenye karatasi uweze kuyarudia, na uwasomee wanaopaswa kuyasikia, akiwemo mchungaji. Ndani ya bahasha utakuta karatasi moja ya pakiti ya biskuti. Usiitupe.

Mama, hukumpa Neema karanga. Hukusahau, hukukosea, wala mkono wako haukuwa na unga wa karanga za kinuni. Ulimpa biskuti za Kengele na chai ya rangi, kama ulivyomwambia daktari, na kama ulivyomwambia mama yake, Tabitha, mara ngapi sijui. Karanga ilikuwa ndani ya biskuti. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyeichanganya.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka Kengele zilivyokuwa tulipokuwa wadogo. Marehemu baba alikuwa akishuka Lushoto na kabichi, akirudi anatuletea pakiti moja, mimi na Tabitha tunagawana kwa kuhesabu, na ile inayobaki inakwenda kwako. Ilikuwa nene, ukiichovya kwenye chai haivunjiki hadi uitoe. Ilinukia maziwa. Nilipopata kazi hapa kiwandani, jambo la kwanza nililokupigia simu kukwambia ni kwamba sasa natengeneza Kengele, na ukacheka ukasema baba yako angefurahi huyo.

Nilikuwa zamu ya upakiaji kwanza, baadaye wakanipeleka kwenye mashine za kuchanganyia. Huko ndiko nilikoona jinsi biskuti inavyobadilika bila mlaji kuambiwa. Haibadiliki siku moja. Mwaka huu unaondolewa mkebe mmoja wa unga wa maziwa, mwaka ujao mwingine. Siagi ikaondoka, yakaja mafuta ya mawese. Biskuti ikapunguzwa unene kidogo, kidogo tena, lakini pakiti ikabaki na upana uleule, na ile kengele ya njano ikabaki palepale ilipokuwa. Ukiwa pale kila siku huoni. Ni kama mtoto unayeishi naye, huoni anavyorefuka.

Wewe uliona, na ulikuwa mbali. Kila nilipokuja likizo na katoni, ulikuwa ukionja moja, halafu unasema, "Naftali, hizi si zile." Nami nikawa nakujibu, "Ni zilezile mama. Ulimi wako ndio umezeeka." Nyumba nzima inacheka. Ulisema hivyo pia kuhusu majani ya chai, ukasema kuhusu siagi ya kopo, na sisi tukafanya kuwa utani wa familia, kwamba mama akionja kitu chochote cha dukani atasema si kile. Mama, niliposema ni zilezile nilikuwa najua si zilezile. Tulifundishwa kujibu hivyo. Mtu akikuuliza nje ya geti, sema haijabadilika. Nilizoea kulisema kwa wageni hadi nikaliingiza nyumbani kwetu.

Sasa nije kwenye karanga.

Kiasi cha wiki tano kabla ya siku ile ya Neema, yaliletwa magunia mapya kwenye chumba chetu. Nilifungua moja nikasikia harufu kabla sijaona. Ulikuwa unga wa karanga zilizokamuliwa mafuta, mweupe wa kijivu, laini. Msimamizi wetu wa zamu, mtu mzima tunayemwita Mzee Kombo, alitukusanya wachanganyaji wanne akatuambia kwamba unga wa maziwa umepanda mno, kwa hiyo kuanzia leo nusu yake itakuwa unga huu. Akasema fomula ni mali ya kiwanda na haivuki ukuta.

Nikamuuliza, "Na karatasi za pakiti, zitaandikwa karanga?"

Akasema, "Karatasi mpya zimeagizwa. Hizi zilizopo zikiisha ndio zitaingia."

"Zimebaki nyingi?"

"Zipo za kutosha. Wewe changanya, Naftali."

Nikachanganya. Sitakudanganya, mama, nilimfikiria Neema. Niliiona sura yake ile ya siku ya harusi ya binti wa shangazi, alipokula kipande cha kashata akiwa na miaka miwili, midomo ikavimba, macho yakaziba, na daktari wa Lushoto akasema mtoto huyu asiguse karanga maisha yake yote. Nilijisemea nitawapigia simu jioni. Jioni nikatoka nimechoka, nikafua, nikalala. Kesho yake nikajiambia mzigo huu utapelekwa kusini, hauwezi kufika Mlalo mapema hivyo. Siku ya tatu sikujiambia kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ningependa kukuandikia kwamba nilizuiwa na mtu, lakini hakuna aliyenizuia kupiga simu.

Halafu ikafika Jumamosi ile.

Tulikuwa mapumziko ya saa saba, nimekaa kwenye kivuli cha stoo na sahani yangu ya wali, Tabitha akanipigia. Alikuwa ametoka gulioni Mlola akakuta wewe na Neema mko hospitalini. Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa kavu.

Akasema, "Kaka, Neema amewekewa hewa. Amevimba hadi shingo. Mama amempa karanga."

Nikamuuliza, "Mama amesema hivyo?"

"Mama anasema biskuti na chai. Lakini jana alitwanga karanga za kuweka kwenye mchicha wa wageni wa kanisani, kinu kipo mlangoni hadi sasa. Na wewe unajua anavyosemaga, kwamba mtoto wa Kishambaa hawezi kushindwa na karanga."

Mama, hilo ulilisema kweli, lakini ulilisema mara moja, zamani, kabla ya lile la harusi. Baada ya hapo nilikuona mwenyewe ukiosha mikono mara mbili kabla ya kumshika mtoto. Ningemwambia Tabitha hivyo. Sikumwambia.

Akaendelea, "Nimeisoma pakiti yote. Ngano, sukari, mafuta, chumvi, maziwa. Karanga hakuna. Lakini wewe ndiye unazitengeneza, kaka. Niambie wewe. Kengele ina karanga?"

Mzee Kombo alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anachokonoa meno.

Nikamjibu dada yangu, "Kwenye karatasi haimo."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Ukiyasoma moja moja hayana uongo. Lakini mimi nilijua aliuliza nini, na nilijua nimemjibu nini. Akasema, "Basi. Nilijua tu," akakata simu. Wali ule sikuumaliza. Niliporudi kwenye mashine mikono ilikuwa inafanya kazi na mimi sipo.

Jioni ulinipigia wewe, ukaniambia Neema amechomwa sindano na uvimbe unashuka, Mungu mkubwa. Ukaniambia jinsi ulivyombeba mgongoni hadi ukapata bodaboda, na jinsi alivyokuwa anapumua kwa mluzi begani kwako. Ukasema, "Nilimpa Kengele mbili tu, Naftali. Zile unazotengeneza wewe, maana najua ni salama." Nikasema pole mama. Hicho tu. Kesho yake nikasikia Tabitha amemchukua mtoto ameshuka naye Mazinde kwa mumewe, na ameapa kwamba hutamshika Neema tena.

Siku kumi na moja nilinyamaza. Nilikuwa nakwenda kazini, nachanganya, narudi. Nilijipa sababu nyingi. Kwamba mtoto amepona, kwa hiyo hakuna haja. Kwamba Tabitha hasira zake ni za moto wa mabua, zitazimika zenyewe. Kwamba nikifukuzwa hapa nitakuwa nimeongeza shida juu ya shida. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Kilichonivunja ni simu yako ya Jumatano iliyopita. Sijui kama unakumbuka maneno yako kama mimi ninavyoyakumbuka. Uliniambia umekwenda kwa mchungaji kumwomba akupumzishe kufundisha watoto wa shule ya Jumapili. Nikakuuliza kwa nini, mama, miaka yote hiyo. Ukasema, "Mtu aliyetaka kumuua mjukuu wake hawezi kukaa na watoto wa wenzake." Ukaendelea taratibu, kama mtu anayeongea na nafsi yake. "Na labda Tabitha anasema kweli, mwanangu. Labda nilimpa nikasahau. Siku hizi nasahau. Juzi nimetafuta miwani nikaikuta kichwani. Labda mkono wangu ulichukua karanga mimi sijui."

Mama, hadi hapo nilidhani nimekuachia lawama tu. Kumbe nilikuwa nimekunyang'anya na akili yako mwenyewe.

Ndipo nikakuuliza kama ile pakiti bado ipo. Ukasema ipo kwenye kabati, umeshindwa kuitupa. Nikakuomba uisome namba ndogo iliyopigwa chapa kwenye mshono. Nilikusikia ukifungua kabati, nikakusikia ukivuta kiti, ukitafuta miwani, ukisogea mlangoni penye mwanga. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya nyumba ninayopanga nimeegemea ukuta, na nilikuwa nikiomba isiwe yenyewe. Ukasoma tarakimu moja moja kama unavyowasomea watoto. Tarehe ilikuwa ya wiki ya pili baada ya magunia kuja. Herufi ilikuwa ya zamu yetu. Tarakimu ya mwisho ilikuwa mbili. Mashine ya pili hakuna mwingine anayeishika, ni mimi.

Hapo ndipo nilipokwambia kwa haraka, si wewe mama, ni biskuti, usimpe mtu yeyote, nawe ukanishukuru kwa kukufariji. Tulipokatiana simu nilimpigia mwenye duka la pale stendi ya Mlalo, nikamwomba aziondoe Kengele zote kwenye rafu. Aliniuliza mara tatu kama nimelewa, kisha akaziondoa. Tabitha nilimpigia, hakupokea. Nilimpigia tena na tena. Aliona jina langu akadhani nataka kukutetea.

Kesho yake, Alhamisi, sikuvaa sare. Nilikwenda moja kwa moja maabara ya kiwanda kwa dada mmoja anayeitwa Rehema, ambaye ndiye hupima biskuti. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu haiandiki. Nilipomaliza akaniuliza, "Mjukuu wa mama yako ana miaka mingapi?" Nikamwambia mitano. Akafunua daftari la uchanganyaji, akaweka kidole kwenye mstari wa siku ile. Karanga ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu pembeni. Akasema, "Mimi niliandika ofisini mara mbili kwamba karatasi za zamani za pakiti zisitumike. Nenda kwa meneja. Ukirudi bila jibu, mimi sitakana niliyoyaandika."

Meneja alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti. Nikamwambia mtoto wa dada yangu nusura afe kwa biskuti tuliyotengeneza hapa, na kwamba ziko katoni nyingi madukani zenye karatasi ileile.

Akaniuliza, "Umeongea na nani?"

"Na familia yangu, bosi."

"Nje ya familia?"

"Mwenye duka wa kwetu."

Akaweka mikono mezani. "Naftali, watu wenye matatizo ya karanga ni wachache sana. Karatasi mpya zinaingia mwezi ujao. Unataka nizirudishe katoni zote kutoka mikoani kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye, nashukuru Mungu, ni mzima?"

Nikamwambia, "Huyu mmoja ndiye ninayemjua mimi. Wengine siwajui, na wao hawajui."

Halafu akasema nikapumzike nyumbani hadi nitakapopewa barua. Kwenye geti mlinzi alinitaka kitambulisho changu cha kazi, nikampa. Nilikaa kwenye jiwe la kando ya barabara kama mgonjwa, nikafikiri sasa nimemaliza, nimesema, wao wasiposikia si juu yangu. Kisha nikamsikia Neema anavyopumua kwa mluzi, ingawa sikuwepo, nilisikia kwa yale uliyonisimulia. Nikainuka.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya serikali inayoshughulika na vyakula. Nilikuwa na pakiti mbili nilizonunua dukani kwa Mangi wa mtaani kwetu. Nilisubiri kwenye benchi tangu asubuhi, na mara mbili nilisimama nikafika mlangoni kutaka kuondoka. Kijana wa kike wa pale aliniandikia maelezo, akanisomea, akaniuliza kama niko tayari kuweka jina langu au nataka lifichwe. Nikamwambia aweke. Nilishaficha vya kutosha.

Akapiga muhuri. Akasema watakwenda.

Jumapili mchana, ibada zimetoka, Tabitha akapokea simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yote yakapotea.

Nikamwambia, "Tabi, siku ile uliniuliza kama Kengele ina karanga."

"Ukasema haimo."

"Nilisema kwenye karatasi haimo. Ndani imo. Niliijua siku ileile. Niliichanganya mimi."

Nilisikia magari ya barabara kuu yakipita huko Mazinde, na sauti ya Neema akimwita mama yake aje aone kuku.

Mwisho akasema, "Kaka, unajua nilimwambia nini mama pale hospitali? Mbele ya manesi?"

Nikasema sijui.

"Nilimwambia alitaka kumwondoa mwanangu ili athibitishe kwamba yeye ndiye anajua. Akainama. Alikuwa bado ana damu kwenye kisigino, alikuwa amembeba Neema pekupeku."

Hilo la kisigino hukuniambia mama.

Akaniuliza tena, "Kwa nini hukusema?" Nikamjibu niliogopa. Akasema, "Na mimi niliogopa. Lakini mimi niliogopa nikamtupia mama, na wewe uliogopa ukaniangalia nikimtupia." Hakukata simu, na mimi sikukata, tukakaa hivyo hivyo hadi salio lilipotuamulia.

Jana, Jumanne, Rehema alinipigia akaniambia wakaguzi wamekuja, wameingia stoo, wamechukua sampuli na daftari la uchanganyaji. Mashine mbili zimesimamishwa. Magari yameanza kurudisha katoni kutoka kwa mawakala wa Tanga na Morogoro, na kwa zile zinazobaki wameagizwa kubandika maandishi makubwa yanayosema zina karanga. Mzee Kombo ameitwa kuhojiwa, na nasikitika kwa hilo, maana naye alikuwa anatekeleza tu, kama mimi. Meneja haongei na mtu. Barua yangu bado haijaja. Wenzangu wawili wamenipigia kunipongeza, mmoja amenipigia kuniuliza kama nitamlishia watoto wake kiwanda kikifungwa. Nimeanza kuuliza kazi kwenye tanuri la mikate la jirani hapa, mwenyewe anasema nirudi wiki ijayo. Usihangaike kwa hilo. Mikono ninayo.

Hiyo karatasi iliyomo kwenye bahasha ni ya pakiti niliyonunua hapa. Linganisha namba yake na ya pakiti yako ya kabatini, utaona zinafuatana. Nimeambatanisha pia nakala ya maelezo yangu yenye muhuri. Waonyeshe mchungaji na wazee wa kanisa. Usiombe kurudishiwa darasa lako, mama. Waonyeshe tu, kisha Jumapili ingia uketi na watoto wako.

Tabitha anapanda huko Jumamosi, na Neema yumo. Nimempa barua hii dereva wa basi la Lushoto ili ikufikie kabla yake, maana sikutaka akukute hujui yupi kati yetu alifanya lipi. Neema asipewe Kengele tena hata zikibandikwa maandishi. Mpe viazi vitamu, mpe yale matunda ya plamsi yakiiva, mpe kitu ulichokitoa shambani mwenyewe ukakiosha mwenyewe.

Nina ombi moja. Wewe ni mwepesi wa kusamehe, sote tunakujua. Mtu hajafungua kinywa umeshamwambia yameisha, kaa tule. Safari hii usifanye hivyo. Tabitha akifika mlangoni, mwache aseme. Akilia, mwache alie amalize. Usimwambie hukuumia, kwa sababu uliumia. Na mimi nikija, nadhani ni mwisho wa mwezi, niache nisimame mbele yako niseme kwa mdomo haya niliyoyaandika kwa mkono, hadi neno la mwisho. Ukiona unataka kunikatiza, angalia pembeni.

Nisalimie mjomba wa kule juu msituni, mwambie lile panga aliloniagiza nimelipata. Shangazi wa Mlola mpe shikamoo zangu na pole kwa mguu. Mke wa mchungaji, mwambie nashukuru kwa kukuletea uji siku zile ambazo hukutoka ndani, Tabitha ameniambia. Jirani yetu mzee Shabani, aliyewapa bodaboda yake siku ile bila kuuliza, sina salamu zinazomtosha, nitakwenda kwake kwa miguu yangu. Shemeji wa Mazinde nimeshamsalimia kwa simu. Neema mwambie mjomba wake anampenda na ana jambo la kumwomba radhi, akikua tutamweleza.

Mungu akulinde mama, na akupe usingizi.

Ni mimi mwanao, niliyechelewa siku kumi na moja,

Naftali